Kengele ya Kioo ya Nengo

Kanisani, Pulchérie Uwamahoro hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Harusini vilevile. Hata nyumbani kwake, pale Nengo, mtaa wa Gisenyi mpakani na Goma, kitanda chake amekisogeza mpaka kinakaribia kuziba njia ya kutokea. Majirani humtania, naye hucheka nao, lakini kitanda hakisogezi.

Hofu hiyo aliipata Goma. Mwaka 2002 alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, anaishi kwa shangazi yake, mlima wa volkano ulipopasuka na moto ukashuka hadi katikati ya mji. Alivuka mpaka kwa miguu ndani ya umati, ameshika upindo wa kitenge cha shangazi, anga nyuma yao limekuwa jekundu kama ndani ya tanuri. Wote wawili walifika salama. Nyumba, duka la shangazi na mtaa wote waliouzoea vilibaki chini ya mawe meusi. Tangu hapo mwili wake ulijifunza kusikiliza. Lori zito likipita barabarani, Pulchérie hunyamaza kwanza katikati ya maneno yake, mpaka ahakikishe kwamba ni lori tu.

Kwa hiyo aliyemjua lazima alishangaa kusikia kwamba mama huyu amepata kazi mbele ya kengele ya kioo.

Kabla ya hapo alikuwa muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Alizinunua alfajiri kwa wavuvi, akazianika, akazivusha Goma kupitia Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, pamoja na wanawake wenzake. Corona ilipofunga mpaka, beseni lake likakaa kavu miezi na miezi. Ndipo jirani yake, fundi Twagirimana, akamwambia anatafuta mtu mwenye mikono safi na subira.

Twagirimana alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilibaki cha huko, kimenyooka, si kama hiki chetu cha mpakani kilichochanganyika na Kifaransa na Kinyarwanda. Alikuwa fundi umeme wa magari, na jambo lililomkera maishani lilikuwa taa zisizoangaza. Magari mengi ya hapa na ya Goma ni makongwe. Riflekta zake, yale mabakuli yanayong'aa nyuma ya balbu, huchakaa yakawa ya kijivu kama sufuria ya zamani, na hapo hata ubadilishe balbu mara ngapi, barabara huioni. Basi Twagirimana alikwenda Kampala, akanunua mashine kuukuu kutoka karakana iliyokuwa inafungwa, akaisimika katika chumba cha matofali nyuma ya nyumba yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pulchérie aliziosha riflekta akaondoa kila tone la mafuta, hata alama ya kidole, akazipaka vanishi na kuzikausha kwenye oveni. Kisha akazitundika kuzunguka waya mnene uliosokotwa kama springi, mfano wa ule wa ndani ya balbu. Kwenye waya huo akaning'iniza vipande vidogo vya alumini, vimekunjwa kama pini za nywele. Juu ya vyote hivyo waliteremsha kengele kubwa ya kioo kinene, yenye kimo cha mtoto wa chekechea, na pampu zikaanza kunyonya hewa. Ya kwanza ilinyonya sehemu kubwa. Ya pili, yenye mafuta yaliyochemka chini ya mashine, ilimalizia mabaki. Ndani kukishakuwa hakuna kitu kabisa, Twagirimana alipeleka umeme kwenye waya. Waya ukawa mwekundu, ukawa mweupe, alumini ikayeyuka na kulowesha waya, halafu ikageuka mvuke. Kwa kuwa hapakuwa na hewa ya kuuzuia, mvuke huo ulikwenda moja kwa moja kila upande na kuganda juu ya chochote ulichokikuta. Ukipepesa macho tu, riflekta zimekuwa vioo. Utando wenyewe ulikuwa mwembamba mno, ukiupitishia kidole unatoka nao.

Siku ya kwanza Pulchérie aliizunguka kengele ile kwa mbali, kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua.

"Patron, na kioo hiki kikipasuka?"

"Hakipasuki."

"Najua. Lakini kikipasuka?"

Twagirimana hakuwa mtu wa kudanganya. "Hewa ya nje inakibana pande zote, Mama Ingabire. Ukiijumlisha, ni uzito wa lori lenye mzigo. Kikipasuka, kitaingia ndani kwa nguvu yote hiyo, halafu vipande vitatokea upande wa pili. Ndiyo sababu kuna huu wavu." Akagonga kwa kucha wavu wa chuma uliofunika kioo. "Na ikitokea lazima usimamishe kazi, kuna mambo mawili. Funga koki kubwa kwanza, ili hewa isiyakute mafuta ya moto. Halafu fungua koki ndogo, taratibu, hewa irudi ndani. Usiyapindue."

Tangu siku hiyo Pulchérie alifanya kila kitu kwa makini, na kila pampu ilipoanza kunguruma alirudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama hapo, mgongo nje na uso ndani. Twagirimana aliona, akaendelea na vipimo vyake. Miezi ikapita hivyo, na hofu yake ikawa kitu cha kila siku, kama kikohozi kisichopona.

Halafu, Jumamosi moja jioni, mwezi wa tano wa mwaka 2021, mlima ukapasuka tena.

Safari hii moto uliishia pembeni mwa Goma, lakini hata Gisenyi ardhi ilikataa kutulia. Ilitikisika wakati wa kupika, ikatikisika watu wakiwa wameinua vikombe vya chai mdomoni. Nyufa zilipita katikati ya barabara na kupanda ukutani. Nyumba nyingine zililala chini, na watu wakahamia nje na magodoro yao na maturubai. Pulchérie alimpeleka binti yake, Ingabire, kwa binamu huko Nyundo, kilimani nje ya mji. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufunga mfuko wake wa kumfuata pale simu ilipolia.

"Mama Ingabire, bado uko mjini?" aliuliza Twagirimana. "Naomba upite hapa. Kuna watu wamekwama."

Uani kwa Twagirimana alikuta basi dogo limepakiwa magodoro juu mpaka limefanana na kichuguu. Watu wa familia moja kutoka Goma walikaa chini kwenye kivuli chake, barakoa zimeshushwa kidevuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Dereva, mwanaume mnene jina lake Mbarushimana, alikuwa ameshika riflekta mbili alizozing'oa garini mwake.

"Mama, ona," alimwambia, akimwinulia moja. "Hii ni taa? Hii ni sahani ya udongo. Njiani ya Musanze iko brouillard mingi, ukungu tu, na tutafika kule giza imeingia. Iko Koko mzee ndani, iko na batoto. Nikianguka nabo mu shimo, mi nitasema nini?"

"Si ulale hapa, uende asubuhi?" aliuliza Pulchérie.

"Kulala hapa?" Mbarushimana aliitazama ardhi chini ya miguu yake. "Hawa batu banakataa kabisa. Banasema leo hii ama banatembea na miguu."

Twagirimana alifuta mikono kwa kitambaa, akamvuta Pulchérie kando. "Tangu asubuhi imetulia. Umeme upo. Ni kazi ya alasiri moja tu. Lakini peke yangu siwezi, na sikulazimishi. Sema wewe."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye ncha ya ulimi: Patron, naogopa. Yangetosha. Lakini kikongwe wa familia ile, bibi yao waliyemwita Koko Nyirarukundo, alikuwa akimtazama kutoka pale chini, mikono imetulia mapajani, na Pulchérie akakumbuka upindo wa kitenge alioushika usiku ule yeye mwenyewe akikimbia. Aliona haya kuogopa mbele ya watu waliotoka kwenye moto.

"Basi tufanye haraka," alisema.

Aliosha, akapaka vanishi, akakausha, akatundika. Vidole vilifanya kazi vyenyewe, masikio yakiwa ardhini. Kengele ilishuka mahali pake, wavu ukafunikwa juu yake, na Twagirimana akawasha pampu.

Hapo ndipo Pulchérie alipotambua jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Pampu ilitikisa sakafu. Siku nyingine hakujali, lakini siku ile mtikisiko huo mdogo uliziba kila kitu. Miguu yake haikuweza kujua ipi ni mashine na ipi ni ardhi. Alikuwa kama mtu aliyefunikwa macho. Alirudi mlangoni. Aliitazama balbu iliyoning'inia darini, aone kama inayumba. Haikuyumba. Akaitazama tena.

"Humura, Mama Ingabire," alisema Twagirimana bila kugeuka. Tulia, usiogope. "Tunakaribia."

Mshale wa kipimo ulishuka, ukakawia, ukashuka tena. Alasiri ilianza kuelekea jioni. Mwishowe Twagirimana akavaa miwani yake myeusi na kuzungusha swichi ya umeme. Waya ukaiva. Vipande vya alumini vikalegea, vikawa matone, matone yakatandaa, na mwanga mweupe ukajaa chumba. Halafu mwanga ukafifia kwa macho yao, kwa sababu mvuke ulikuwa umeganda pia upande wa ndani wa kengele. Kioo kizima kikawa kimegeuka kioo cha kujitazamia. Huwa hivyo kila mara. Baada ya kila kazi lazima kioshwe.

Twagirimana alizima umeme wa waya, akatabasamu. "Umeona? Imekwisha." Akainama anyooshe mkono kwenye koki kubwa.

Ardhi ikapiga.

Haikuanza kidogo kidogo. Ilikuja kama teke kutoka chini, halafu chumba kizima kikachukuliwa huku na huku. Balbu ilizimika. Pulchérie alisikia kelele za watoto uani na kitu kizito cha chuma kikianguka nyuma yake, lakini yeye alikuwa nje tayari. Miguu ilimtoa kabla akili haijasema neno. Alianguka kwa magoti karibu na basi. Ukuta wa karakana ulijikunja mbele ya macho yake, ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, ukabaki umesimama.

Kisha kukatulia. Pampu ilikuwa imenyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na katika ukimya ule ikasikika sauti ya Twagirimana kutoka ndani, ndogo, ya mtu anayepumua kwa shida.

"Msiinue," alikuwa akisema. "Jamani, msiinue."

Mbarushimana alikimbilia mlangoni, Pulchérie nyuma yake. Waliona rafu ya chuma, ile ndefu iliyobeba taa zilizokuwa zikisubiri, imeng'oka ukutani. Imemwangukia Twagirimana miguuni na kumlaza sakafuni. Lakini haikuwa imelala chini yote. Sehemu yake ya juu ilikuwa imeubonyeza wavu wa kinga mpaka ukakunjamana kama karatasi, na kona yake moja ilikuwa imekaa juu ya kioo. Kutoka kwenye kona ile ulianza ufa, mwembamba kama unywele, ukishuka kwenye kengele inayong'aa.

"Nainyanyua peke yangu," alisema Mbarushimana, akikunja mikono ya shati. "Mi niko na nguvu."

"Usiguse!" Pulchérie alimshika mkono kwa nguvu iliyomshangaza yeye mwenyewe. "Hiyo chuma imeegemea kioo. Ukiisogeza kidogo tu, kioo kinapasuka usoni kwa patron. Ndani hakuna hewa. Lazima hewa irudi kwanza."

"Sasa hewa inarudi namna gani?"

Pulchérie alimwonyesha kwa kidole. Koki zilikuwa ubavuni mwa mashine, upande wa ndani kabisa, mbali na mlango. Kuzifikia ilibidi upite kati ya ukuta uliopasuka na kengele. Waliozijua walikuwa wawili tu: mtu aliyelala chini, na yeye Pulchérie.

Twagirimana aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. "Toka, Mama Ingabire. Ikitikisika tena kitapasuka. Una mtoto."

Ni kweli alikuwa na mtoto. Alimwona akilini Ingabire kule Nyundo, anaosha vyombo kwa binamu. Miguu ilitaka kutoka. Aliisikia kabisa ikivuta, kama ng'ombe anayevuta kamba. Alirudi nyuma hatua kadhaa, na kwa kitambo kifupi Mbarushimana alidhani amekimbia.

Alikuwa ametazama juu ya basi.

"Nipeni godoro," alisema.

"Ya nani?" aliuliza Mbarushimana.

"Lolote! Lile nene!"

Lile nene lilikuwa la Koko Nyirarukundo. Kikongwe alikuwa amekwisha kusimama, ameelewa au hakuelewa, akaanza kufungua kamba kwa vidole vyake vilivyopinda. "Chukua, mwanangu," alisema. "Chukua, nitalala chini."

Pulchérie alivaa miwani myeupe ya kazi, akafunga kitenge kichwani na shingoni mpaka yakabaki macho. Akalisimamisha godoro mbele yake kama mtu anayebeba mlango. Kisha akaingia.

Ndani palinuka vumbi na mafuta ya moto. Alitambaa pembeni, bega likikwaruza ukuta, na kila alipougusa vipande vya plasta vilimdondokea. Alisali, lakini sala ilimpotea katikati, akawa anarudia neno moja tu, "Mana yanje, Mana yanje," Mungu wangu, bila kwenda mbele. Alipomfikia Twagirimana aliliingiza godoro kati ya uso wake na kengele, akalibana lisianguke. Sasa Twagirimana alikuwa amelindwa. Koki zilikuwa ng'ambo ya godoro.

Ilibidi atoke nyuma ya kinga ile.

Alipoinua macho, alijiona. Kengele iliyogeuka kioo ilikuwa imembeba mzima, imempindisha, macho makubwa nyuma ya miwani, kitenge kimemzunguka kama maiti aliyefungwa sanda. Na ule ufa ulipita juu ya uso wake kutoka paji hadi kidevu. Akiwa bado anautazama, ufa ulisema *tik* na kurefuka. Alitaka kufumba macho akaogopa zaidi kuyafumba.

"Kubwa kwanza," alisema Twagirimana kutoka nyuma ya godoro, kwa sauti ya chini sana, kana kwamba hata sauti ingeweza kukisukuma kioo.

"Kubwa kwanza," alirudia Pulchérie.

Akanyoosha mkono chini ya ukingo wa mashine, akipapasa. Koki kubwa ilikuwa ya moto. Akaizungusha, ikagoma, akaizungusha tena kwa mikono miwili, shavu lake likiwa karibu na kioo kiasi kwamba pumzi yake ilikitia ukungu. Ikafunga. Koki ndogo ilikuwa karibu nayo. Hapo mkono wake ulisimama. Akifungua upesi, hewa ingeingia kwa kishindo na kukigonga kioo kutoka ndani. Akifungua polepole, ingembidi akae hapo, uso kwa uso nacho, mpaka hewa ijae.

Alifungua polepole.

Kulisikika mluzi mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka. Hewa ilikuwa ikiingia. Pulchérie alibaki amechuchumaa, vidole viwili juu ya koki, akisikiliza mluzi ule kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote maishani mwake. Aliongeza kidogo. Mluzi ukanenepa. *Tik*, ufa ukasema tena, ukaelekea chini, ukapinda.

Kisha sakafu ikaanza.

Safari hii haikuwa teke; ilikuwa ni kutetemeka kwa muda mrefu, kama mtu mwenye homa. Nje watu walipiga mayowe. Mbarushimana alipaza sauti, "Mama, toka! Toka!" Matofali mawili yalianguka kutoka juu ya dirisha. Kona ya rafu ilisaga kioo, ikatoa sauti ya jino linalosagika. Pulchérie alisikia mkojo wa moto ukimshuka mapajani na hakujali. Hakuiacha koki. Baadaye watu walisema ulikuwa ushujaa, naye alikataa kabisa. Alisema mkono ulikuwa umekufa ganzi pale kwa woga, na kwamba kama ungekuwa na uwezo wa kuachia, ungeachia.

Mtetemeko ulipita. Mluzi ulikuwa umekonda. Ukakonda zaidi, ukawa pumzi, ukanyamaza.

"Imejaa?" aliuliza Twagirimana.

Kabla hajamjibu, ufa ukafika mwisho wa safari yake. Kengele iligawanyika. Lakini haikulipuka, hapakuwa tena na cha kuilipua. Nusu yake iliteleza taratibu upande mmoja, ikaangukia godoro la Koko na kulala pale, upande wake wa ndani unang'aa kama mwezi. Nusu nyingine ilibaki imesimama chini ya kona ya rafu.

Pulchérie alikaa sakafuni. Hakulia.

Mbarushimana aliingia, akainyanyua rafu kama alivyotaka tangu mwanzo, na wanaume wawili wa familia ile wakamvuta Twagirimana nje. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Walimlaza kivulini, Koko akamfutia vumbi usoni kwa ncha ya kitenge chake, akimwita mwanangu.

Ni Twagirimana aliyekumbuka. "Taa," alisema. "Angalieni taa."

Pulchérie hakuweza kurudi ndani, kwa hiyo Mbarushimana alikwenda. Alitoka na riflekta mbili, amezishika kwa kingo kama anabeba mayai. Zilikuwa zimesalimika kwenye vining'inio vyake, na zilikuwa safi, nyeupe, zenye kina, kila moja imebeba uso wake mpana uliojaa jasho. Zilihitaji kupakwa vanishi ya juu ya kulinda utando, lakini umeme haukuwepo na hakuna aliyetaka kusubiri.

"Usiziguse ndani hata kwa kidole," Pulchérie alimwambia. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Zitakufikisha. Baadaye zitachakaa upesi, lakini zitakufikisha."

Mbarushimana alizifunga garini. Kwanza walimpeleka Twagirimana hospitali, amelazwa kwenye benchi la nyuma, kisha wakashika njia ya kupanda. Walipita Nyundo giza likiingia, wakamshusha Pulchérie. Alisimama kando ya barabara na kuzitazama zile taa mbili zikitangulia kwenye ukungu, zikiupasua vizuri, mpaka kona ilipozificha. Ingabire alipotoka kumpokea alimkuta mama yake amelowa na kujaa vumbi, akamuuliza kuna nini. Pulchérie alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Alikaa miezi mingi bila kazi. Hakuweza kunywa kwa bilauri. Alitumia kikombe cha bati. Aliota uso wake umekatwa katikati. Mpaka wa Goma ulipofunguliwa alirudi kwenye sambaza zake, na wenzake walipomuuliza habari za mashine alibadilisha mazungumzo. Twagirimana alipona, ingawa anachechemea. Alikuja siku moja akiegemea fimbo, akakaa kwenye kiti uani kwa Pulchérie.

"Nimepata chombo cha chuma," alisema. "Kina kidirisha kidogo kama kiganja. Rafu nimezifunga kwa bolti mpaka ndani ya zege. Na nimejenga chumba kingine, chenye milango miwili."

"Mimi bado naogopa, Patron," alisema Pulchérie. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtamkia neno hilo.

"Najua. Nami siku hizi naogopa," alisema Twagirimana. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ukisema leo hatufanyi kazi, hatufanyi. Sitauliza kwa nini."

Alifikiri juma zima, akakubali.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, vita vilipoingia Goma na bunduki kuanza kulia, mlio wake ulivuka mpaka na kuingia chumbani. Chombo kilikuwa tayari kimefungwa, pampu zinafanya kazi, riflekta za basi kubwa zimo ndani, na mwenye basi yuko uani anasubiri. Pulchérie alisikiliza mlio wa kwanza, na wa pili. Alifunga koki kubwa, akafungua ndogo, akasubiri mpaka hewa ikajaa. Kisha akazima pampu na kutoka nje.

"Leo hatufanyi," alimwambia mwenye basi.

"Lakini mama, haya mabomu iko mbali, iko Goma kule," mtu yule alilalamika. "Unaogopa nini?"

"Naogopa," alisema Pulchérie, bila haya yoyote, akifunga mlango kwa ufunguo. Twagirimana alikuwa amekwisha kuchukua fimbo yake. Jioni hiyo mabomu yalianguka Gisenyi pia. Wao wawili, Ingabire, na yule mwenye basi ambaye mwishowe aliamua kuwafuata, walikuwa Nyundo kwa binamu, wamekaa sakafuni jikoni kuzunguka sufuria ya viazi. Kila kishindo kilipopita kule chini kwenye ziwa, Pulchérie aliacha kula, akasikiliza, halafu akaendelea.